Siri ya biashara iko serikalini. Mwenye mali ataambiwa lini ikivuja?

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeleta kontena moja la vitenge kutoka Guangzhou huwa amekwisha kutoa siri zake zote kabla meli haijatia nanga Dar es Salaam. Jina la kiwanda kilichomuuzia, bei aliyolipia kila yadi, idadi ya marobota, wakala anayemtolea mzigo, vyote vimo katika mfumo wa forodha. Jirani yake wa duka la pili, ambaye wamesalimiana kila asubuhi kwa miaka kumi, hajui hata nusu ya hayo na angelipa fedha nzuri ili ayajue.

Taarifa hizo hakuzitoa kwa hiari. Benki ikimchosha, mteja huhamia benki nyingine. Serikali haina ya pili. Bila namba ya mlipa kodi hakuna leseni, bila kitambulisho cha NIDA hakuna kampuni, na tangu mwaka 2010, zilipoanza mashine za EFD, wenye mashine hizo wameonyesha mauzo yao kwa mamlaka ya kodi risiti kwa risiti. Tangu 2018 kampuni husajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao, pamoja na majina ya wenye hisa na anwani zao. Mwekezaji mdogo aliyenunua hatifungani za serikali naye hana cheti cha kuficha chini ya godoro. Alichonacho ni kumbukumbu katika kompyuta ya Benki Kuu, na kumbukumbu hiyo ndiyo mali yenyewe.

Kwa hiyo usalama wa taarifa zilizo mikononi mwa serikali si jambo la kuachiwa mafundi wa kompyuta. Ni gharama ya biashara kama ilivyo bima ya mzigo. Ajabu ni kwamba kila ukaribiapo msimu wa bajeti jumuiya za wafanyabiashara hupiga kelele juu ya viwango vya ushuru, lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza nani anaweza kufungua faili la mwagizaji saa nane za usiku.

Waagizaji wa Costa Rica walilipata jibu kwa njia ngumu. Aprili 2022 genge la wadukuzi lijulikanalo kama Conti liliingia katika kompyuta za Wizara ya Fedha ya nchi hiyo ndogo ya Amerika ya Kati na kufunga mafaili kwa programu ambayo huwezi kuifungua bila kulipa. Lilidai dola milioni 10. Serikali ilikataa, na mifumo miwili ikazimwa: ule wa kulipia kodi, na ule wa forodha uitwao TICA. Siku ile wizara ilidhani ina tatizo la kompyuta. Baada ya wiki moja tatizo lilikuwa la bandari. Matamko ya forodha yalijazwa kwa mkono, makontena yakarundikana, na wenye mali walilipia kuchelewa kwa kosa ambalo hawakulifanya. Tarehe 8 Mei, siku aliyoapishwa, Rais Rodrigo Chaves alitangaza hali ya hatari ya kitaifa. Genge likapandisha dai hadi dola milioni 20 na kumwaga hadharani sehemu kubwa ya kile lilichoiba. Mifumo ya kodi na forodha haikurudi hadi Juni.

Wengine watasema serikali ingelipa mapema, kwani dola milioni 10 ni kidogo ukilinganisha na hasara ya miezi miwili ya bandari. Hesabu hiyo ina kasoro. Mwizi akishalipwa nakala bado anayo, na bei ya safari ijayo ameshaijua. Palipokosewa ni kabla ya Aprili, kwani nchi iliyohamishia forodha yake yote kwenye kompyuta ilitakiwa kuwa na utaratibu wa karatasi uliokwisha kufanyiwa mazoezi, ili mfumo ukilala mizigo iendelee kutoka.

Jirani yetu Kenya ameonja yote mawili, kuzimiwa na kuvujiwa. Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa eCitizen, ambao ulikuwa umekusanya huduma zaidi ya 5,000 za serikali mahali pamoja, ulizidiwa na maombi ya uongo yaliyotumwa kwa wingi ili kuuangusha. Wasafiri walikosa viza za mtandaoni, tiketi za treni zilisumbua, na hata umeme wa tokeni ulikuwa taabu kununua kwa simu. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ndilo lililohusika, na serikali ilisema hakuna taarifa iliyopotea. Kisha, mwanzoni mwa 2025, idara ya usajili wa biashara ya nchi hiyo ilithibitisha kuwa mfumo wake umeingiliwa. Huko ndiko ziliko taarifa za wakurugenzi na wenye hisa wa makampuni.

Kati ya matukio hayo mawili, la kwanza lilipigiwa kelele zaidi, lakini la pili ndilo la kutisha. Mfumo ukizimwa kila mtu anaona, redio zinatangaza, waziri anaitwa kujieleza, na baada ya siku chache mambo yanarudi. Taarifa ikivuja hakuna anayeona. Faili linabaki mahali pake, limekamilika, ila sasa yupo mwingine mwenye nakala. Mwagizaji atashangaa tu kwamba mshindani wake ameanza kununua kwenye kiwanda kile kile kwa senti mbili pungufu. Atamshuku shemeji yake, karani wake na wakala wake, na huenda wote hawana hatia.

Tanzania haikukaa bila sheria. Ipo Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023, ambayo inazigusa taasisi za umma na za binafsi kwa pamoja. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria inamtaka mwenye kutunza taarifa aijulishe Tume usalama wake unapovunjwa. Hilo ni jema, lakini mwenye duka si Tume. Sheria ya Kenya ya 2019 inataka kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 na mwenye taarifa naye aambiwe kwa maandishi. Muda huo unamfaa sana mfanyabiashara. Ukiambiwa mapema unabadili neno la siri, unaiambia benki iwe macho, na unampigia simu mwenye kiwanda kabla mwingine hajampigia. Ukiambiwa baada ya mwaka unapewa pole tu.

Vipi kuhusu faini? Afrika Kusini ilijaribu. Septemba 2021 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilivamiwa na programu ya kufunga mafaili. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba leseni za programu za kuzuia virusi na za kugundua wavamizi zilikuwa zimekwisha muda tangu 2020 na hazikulipiwa upya. Julai 2023 msimamizi wa taarifa aliitoza wizara hiyo faini ya randi milioni 5. Uamuzi ulikuwa wa haki na ulihitaji moyo, lakini fedha za wizara ni za mlipa kodi. Aliyevujiwa ndiye aliyechangia faini, na ofisa aliyesahau leseni hakutoa mfukoni mwake hata senti.

Dawa yenye nguvu kuliko faini ni macho ya mwenye mali. Estonia, nchi ya watu milioni 1.3, inamruhusu raia kuingia kwenye mtandao na kuona ni ofisi gani ya serikali iliyotazama taarifa zake na lini. Ofisa anayejua kwamba jina la ofisi yake litabaki pale hufikiri mara mbili kabla ya kufungua faili lisilomhusu. Mfumo wowote wa kompyuta ulio makini huandika kumbukumbu ya nani kafungua nini, hivyo kumwonyesha mwenye faili kumbukumbu hiyo hakuhitaji ugunduzi mpya. Kinachohitajika ni uamuzi. Mwagizaji akiona faili lake limefunguliwa mara sita na ofisi isiyohusika na mzigo wake, ataandika barua siku hiyo hiyo.

Watoza kodi watapinga, na wana hoja. Mkwepa kodi akionyeshwa kwamba anachunguzwa atachoma vitabu. Sheria ya Tanzania yenyewe imetoa nafuu kwa kazi ya kubaini ukwepaji wa kodi na uhalifu. Basi uchunguzi ufichwe mpaka umalizike, hakuna anayelalamikia hilo. Lakini ruhusa ya kuchungulia si ruhusa ya kuacha mlango wazi, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inawataka maofisa watunze siri za walipa kodi. Kinachokosekana ni njia ya mlipa kodi kujua kama wameitunza.

Upande wa wafanyabiashara nako si safi. Wataalamu waliochunguza uvamizi wa Costa Rica walisema wezi waliingia kwa jina la mtumiaji na neno la siri vilivyoibwa. Hawakuvunja ukuta, walitumia ufunguo. Hapa nyumbani si ajabu kukuta mteja amempa wakala wa forodha neno lake la siri kwa simu, wakala amempa kijana wa ofisini, na kijana ameliandika kwenye daftari moja na ya wateja wengine kumi. Kijana huyo akiacha kazi Ijumaa, Jumatatu atafika ofisi nyingine akiwa bado anayakumbuka yote, na hakuna hata mteja mmoja kati ya wale kumi atakayekuwa amebadilisha.