Nyumba Isigeuzwe Shule ya Pili

Machi 2020, serikali ya Kenya ilipofunga shule kwa sababu ya korona, nilidhani mhadhiri hawezi kushindwa kuwafundisha wanawe watatu. Nilibandika ratiba ukutani, nikapiga kengele saa mbili kamili. Kufikia wiki ya pili, kitinda mimba alikuwa akilia, naye kifungua mimba, niliyemgeuza msaidizi wangu, amenuna.

Kosa lilikuwa langu: niliiga shule badala ya kuitumia nyumba. Tulipohamia jikoni, unga wa chapati uliwatosha wote. Mdogo alihesabu vikombe, wa kati akajifunza nusu na robo kwa kukata donge, mkubwa akakokotoa gharama ya kila chapati. Nikamrudishia pia saa zake za kusoma peke yake, kwani naye ni mwanafunzi, si yaya.

Furaha si anasa katika elimu. Ndiyo humrejesha mtoto kwenye somo kesho bila kuburutwa. Mtaala wa umilisi unatutaka wazazi tushiriki. Ushiriki huo usiishie kwenye kununua manila na gundi, wala usigeuke kengele nyingine ndani ya nyumba.