Mtu Mmoja Katika Mamilioni

Magharibi ya Hifadhi ya Serengeti iko nchi ya Issenye. Jirani ya nchi hiyo hupita nyumbu wengi mno, wasioweza kuhesabiwa mmoja mmoja. Hesabu yao hupatikana kwa kukisia: ndege hupita juu, picha hupigwa katika baadhi ya sehemu za mbuga, nyumbu walio katika picha huhesabiwa, na kutoka hapo wataalamu hukadiria jumla. Basi husemwa tu kwamba wamepita milioni moja, wala hapana alalamikaye.

Je, yafaa watu nao wahesabiwe hivyo? La, haifai hata kidogo.

Katika Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, watu wa Tanzania walikuwa 61,741,120. Bara walikuwa 59,851,347, na Zanzibar 1,889,773. Jumla hiyo hugawanyika kwa 2, kwa 5 na kwa 7 pasipo baki. Lakini akiondolewa mtoto mchanga mmoja tu wa Issenye, yabaki 61,741,119, nayo haigawanyiki tena kwa hata moja katika hizo. Sasa yagawanyika kwa 3. Mtoto huyo, ajapokuwa mdogo, amebadili tabia ya namba nzima.

Tena namba kubwa yaweza kukaguliwa. Mwanafunzi na ajumlishe tarakimu za hesabu ya Bara: atapata 42, kisha 4 na 2, atapata 6. Hilo ndilo baki la namba hiyo ikigawanywa kwa 9. Tarakimu za Zanzibar ni 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Tarakimu za jumla nzima ni 22, nazo ni 4 vilevile. Zimepatana. Kama karani angalizidisha mtu mmoja katika kujumlisha, zisingalipatana, na kosa lake lingalionekana.

Walakini kipimo hiki kina mpaka wake. Hakiwezi kumwona mtu ambaye hakuandikwa tangu mlangoni kwake. Tarakimu zaweza kupatana vizuri, na huku bibi kizee amesahauliwa ndani ya nyumba. Kosa la namna hiyo haliwezi kusahihishwa na mwenye hesabu yeyote. Watu wa nyumbani ndio wawezao kulizuia.

Wako wasemao, "Mmoja ni nini katika mamilioni?" Hao wamesahau kwamba haba na haba hujaza kibaba. Madarasa ya shule na dawa za zahanati hupangwa kwa hesabu ya watu, na asiyehesabiwa hula fungu la mwenzake. Basi siku karani wa sensa abishapo hodi, mwanafunzi ajuaye hesabu na awakumbushe wazee wake, ili wote waliolala humo watajwe, asisazwe hata mmoja.