Wanaokusanya habari za Fizi wapewe pia kazi ya kuzichambua

Shirika likibandika tangazo la kazi mjini Baraka, barua zinazoingia si za wasio na kazi peke yao. Kati yake kuna barua za maasistanti wa vyuo vikuu: watu waliomaliza lisansi, wakabakizwa chuoni kuwasaidia maprofesa, wakafundisha na kusahihisha mitihani miaka kadhaa huku majina yao yakisubiri kuingia katika orodha ya mishahara ya serikali. Wengine husubiri mpaka watoto wao wanaanza shule.

Njia iliyo mbele yao inajulikana. Asistanti anakuwa mkuu wa kazi, yaani chef de travaux, kisha anatafuta udaktari ili aitwe profesa. Kwa mtoto wa Fizi udaktari huo uko mbali, Kinshasa, Bukavu au ng'ambo, na unahitaji msaada wa masomo ambao wachache huupata. Tangu M23 waingie Bukavu Februari 2025, hata safari ya kwenda kumwona msimamizi wa utafiti imekuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Basi anayeamua kuacha ukumbi wa masomo na kutafuta mkate kwingine hajashindwa. Jamaa waliouza mbuzi ili asome wana haki ya kuona matunda.

Swali ni kazi gani anayopewa akitoka.

Mara nyingi ni ya kuuliza maswali. Tangu kambi ya Lusenda ifunguliwe mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, na baadaye Mulongwe, teritwari ya Fizi imehesabiwa na kuulizwa bila kupumzika: chakula, maji, shule, usalama, mahindi shambani. Mtu aliyeandika memwari juu ya migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji anapewa simu au tableti yenye maswali yaliyotungwa Kinshasa au Ulaya. Analipwa kwa siku. Anabonyeza ndiyo au hapana, anasogea nyumba ya pili, na jioni majibu yote yanapanda kwenye mtandao. Hayaoni tena.

Kinachopotea hapo si heshima yake peke yake. Chukua maswali juu ya chakula. Wavuvi wa Tanganyika huvua ndagala usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, hivyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Ukipita nyumba za wavuvi siku hizo utakuta vyungu vyepesi na deni dukani. Ukirudi wakati wa giza utakuta ndagala wameanikwa na watoto wameshiba. Watu ni wale wale, lakini ripoti mbili zitapingana, na pengine msaada utaongezwa au kukatwa kwa sababu ya mwezi. Kijana aliyekulia Baraka anajua hayo kabla hajabisha hodi. Katika tableti hakuna mahali pa kuyaandika, na hakuna anayemuuliza.

Malalamiko kwamba kazi nzuri za mashirika hupewa watu wanaotoka mbali yamesikika Fizi mara nyingi, na mara nyingine yamefanywa kama ugomvi wa makabila. Huko ni kupotea njia. Hesabu ya wenyeji waliochukuliwa inaweza kupendeza sana kwenye karatasi hata kama wote wamewekwa kwenye kuuliza, kubeba na kuendesha pikipiki. Kitu cha kuangalia ni nani anakaa mezani majibu yanaposomwa.

Jambo hili limekwisha kusemwa na watafiti wenyewe. Mwaka 2019 na 2020, kundi la GEC-SH la Bukavu na wenzao wa vyuo vikuu vya Louvain na Ghent, Ubelgiji, walitoa mfululizo wa maandishi ulioitwa Bukavu Series. Humo watafiti wasaidizi wa Kivu walieleza wanavyovuka vizuizi vya watu wenye silaha, wanavyobaki na lawama kijijini mgeni akisha kuondoka, na namna majina yao yanavyokosekana kwenye jalada. Fizi inahusika sana. Mwaka 2013 Taasisi ya Rift Valley ilitoa kitabu kizima juu ya kundi la Mai-Mai Yakutumba, kazi ya thamani kwa anayetaka kuelewa vita vya huku. Lakini mama wa soko la Baraka, anayesoma Kiswahili na kusema Kibembe, ataisoma wapi?

Ziwa nalo lina habari yake. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ongezeko la joto limepunguza uzalishaji wa chakula ndani ya Tanganyika kwa karibu asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki huenda yameshuka kwa karibu asilimia 30. Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Maji na Viumbe wake, CRH, mtoto wa ile taasisi ya IRSAC iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947. Elimu ipo, basi. Ila kati ya jarida la Nature na mvuvi wa Ubwari anayelaumu nyavu za jirani yake kuna nafasi tupu, na nafasi hiyo ni kazi: ya mtu anayeweza kusoma jedwali, kukaa na chama cha wavuvi, na kurudi na maswali yao.

Nani amlipe? Mashirika hayawezi kubaki jibu la pekee. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kisha kuifunga USAID, miradi ilikatika mashariki ya Kongo yote, na mikataba ya wauliza maswali ni kati ya ile mifupi inayokatika kwanza. Bali sheria ya Oktoba 2008 juu ya utawala wa sehemu za nchi inazipa sekta mali yake na mamlaka yake. Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja zote zinatakiwa kuwa na mpango wa maendeleo. Mpango huo hauwezi kuandikwa vizuri na mtu asiyejua kutofautisha hesabu ya kweli na ya kubuni. Kanda za afya za Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe nazo hutuma hesabu za magonjwa kila wiki, kipindupindu kikiwemo. Kuzituma ni kitu kimoja, kuona mapema ni kijiji gani kinaanza kuugua ni kingine.

Mashirika yanayobaki yanaweza kuanza na mkataba tu. Aliyekusanya aitwe kwenye uchambuzi na jina lake liandikwe kama hakuna hatari kwake. Nakala ya matokeo ibaki Baraka, kwa Kiswahili.

Wasomi nao wana sehemu yao. Barua nyingi za kuomba kazi hutaja masomo yaliyofundishwa na kichwa cha memwari, basi. Mwajiri hajui kama mtu huyo aliwahoji wavuvi 60 katika lugha mbili, akagundua majibu ya uongo, akaandika kurasa 80 zinazosomeka. Hayo ndiyo anayoyauza. Na vyuo, badala ya kurudia kila mwaka memwari zile zile zinazojaa vumbi, vingeweza kuuliza ofisi ya sekta au daktari wa kanda ya afya anataka kujua nini.

Bajeti za sekta hupitishwa kila mwaka. Wakuu wa sekta za Fizi wakikaa tena, wananchi watazame kama kuna mstari hata mmoja wa mshahara wa mchambuzi, na kama upo, ni kiasi gani kando ya mstari wa mafuta ya gari.