Pwani ya Sicily Ina Maiti wa Aina Mbili

Wadau, tuanze na maiti. Msimu wa pili wa "The White Lotus" unaanza hivyo: mwanamke wa Kimarekani anaingia baharini asubuhi kuogelea kwa mara ya mwisho kabla ya kurudi kwao, maji ni ya buluu kama kalenda ya benki, mara anagongana na mwili unaoelea. Anapiga kelele. Watu wanakimbia. Halafu hadithi inarudi nyuma wiki moja, na kwa vipindi 7, kuanzia tarehe 30 Oktoba hadi 11 Desemba 2022, HBO iliwaweka mamilioni ya watu kwenye swali moja: huyu ni nani?

Kila kipindi kikiisha watu wanabishana mtandaoni. Ni yule tajiri? Ni mke wa yule mwingine? Hata hapa Kakuma tulibishana. Mimi niliiona yote, kwa bando la usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na nasema wazi imetengenezwa vizuri. Hoteli ni San Domenico Palace pale Taormina, zamani ilikuwa nyumba ya watawa. Ufuo wa yule maiti ni wa Cefalù, upande wa kaskazini wa kisiwa. Pazuri mno. Baada ya msimu huo watu wenye pesa walimiminika Taormina kupiga picha pale pale.

Sasa sikilizeni. Tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili, ndiyo siku kipindi cha pili kilirushwa. Jumapili hiyo hiyo, kwenye bandari ya Catania, mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka Taormina, meli ya uokoaji Humanity 1 ilikuwa imefunga gati ikiwa na watu 179 waliookolewa baharini. Serikali ya Italia ikaamua kuchagua: 144 washuke, 35 wabaki ndani ya meli. Walioshuka ni wale walioonekana wanyonge vya kutosha. Wale 35 walikuwa wanaume wenye afya, yaani kosa lao ni kwamba Libya na bahari havikuwavunja kiasi cha kutosha. Jioni ikaja meli nyingine, Geo Barents, nao zaidi ya 200 wakabakizwa. Walikaa hadi tarehe 8 ndipo wote wakaruhusiwa kushuka. Mwaka uliofuata mahakama ya Catania yenyewe ilisema amri ile ilikuwa kinyume cha sheria.

Hakuna aliyeuliza kwa vipindi 7 wale 35 ni kina nani.

Najua mtu atanijibu: "We naye, ile ni tamthilia ya matajiri, ulitaka waweke wakimbizi kwenye bwawa la kuogelea?" Sitaki. Wenye hoteli wana haki ya kuwa na hadithi zao. Ninachokikataa ni kule kuuzwa kwa bahari hiyo kama mahali ambapo maiti mmoja ni fumbo la kushtua dunia, wakati tangu 2014 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limehesabu zaidi ya watu 25,000 waliokufa au kupotea katika Mediterania, na njia inayoongoza kwa vifo ni hiyo hiyo ya kati, ya kuelekea Sicily, Lampedusa na Malta. Maiti wa aina ya kwanza ana jina, ana historia, ana muziki wake. Maiti wa aina ya pili ana namba, akibahatika kuzikwa.

Kama mnadhani nachagua mfano mmoja wa kunifaa, twendeni kusini mwa kisiwa hicho hicho. Kuna tamthilia ya "Il commissario Montalbano", ya televisheni ya Rai, iliyoanza 1999 ikaenda hadi 2021, kutokana na vitabu vya Andrea Camilleri. Inspekta anaishi nyumba ya ufuoni. Nyumba yenyewe iko Punta Secca, mkoa wa Ragusa, na watalii wanaenda kuipiga picha. Pale Sampieri, upande wa mji wa Scicli, kuna magofu ya kiwanda cha zamani cha matofali, Fornace Penna, ambayo kwenye tamthilia wanayaita Mànnara. Mahali pa uhalifu wa kubuni. Tarehe 30 Septemba 2013, kwenye ufuo wa Sampieri, walikufa maji watu 13, Waeritrea, wakiwa hatua chache kutoka nchi kavu. Siku tatu baadaye ikazama ile meli ya Lampedusa, watu 368, na wale 13 wakafunikwa na habari kubwa zaidi. Ukienda pale leo utaoneshwa alipopita inspekta.

Nampa Montalbano haki yake, maana siyo mtu wa kuchukiwa. Tangu mwanzo alikuwa na watu wa Tunisia ndani ya hadithi, na 2019 walitoa kipindi kizima kinachoanza na watu wanaoshuka usiku bandarini na polisi waliochoka kwa kuwapokea. Lakini hata hapo, angalieni wenyewe, uchovu ni wa polisi. Wanaoshuka ndio kinachomchosha.

Sasa nataka kuwaambia juu ya filamu moja ya zamani ambayo wengi wetu hatuijui, na iliponifikia sikulala. Inaitwa "Stromboli", ya Roberto Rossellini, ilitoka 1950. Stromboli ni kisiwa kidogo chenye volkano, kaskazini mwa Sicily. Mhusika mkuu ni Karin, na Karin ni nani? Ni mkimbizi! Ametoka Lithuania, vita vimemrusha huku na huku, filamu inapoanza yuko kambini Italia, nyuma ya seng'enge. Ameomba viza ya Argentina. Ananyimwa. Basi anaolewa na mvuvi mmoja wa Stromboli, siyo kwa mapenzi makubwa, ni ili atoke kambini. Kuna mtu hapa hajawahi kuisikia hadithi hiyo? Sisi tunawajua kina Karin kwa majina yao na namba zao za block.

Na nani aliigiza? Ingrid Bergman, mmoja wa mastaa wakubwa wa Hollywood wakati huo. Kamera haimwachi. Karin ana kiburi, analalamika, hataki nyumba aliyopewa, hapendwi na wanawake wa kijiji, anafanya mambo ambayo afisa wetu wa ulinzi angeyaandika kwenye faili kwa wino mwekundu. Hakuna anayemtaka awe na shukrani ndipo astahili kuangaliwa. Anaruhusiwa kuwa mtu mgumu. Mkimbizi mgumu mwenye kiburi, na filamu nzima ni yake!

Hii siyo bahati. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, huu tunaosomewa kila semina, ulipoandikwa ulihusu watu waliokimbia kwa sababu ya matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi iliyotaka iliruhusiwa kuuishia kwa matukio ya Ulaya tu. Mpaka huo wa tarehe uliondolewa na Itifaki ya 1967. Yaani mkimbizi wa kwanza wa mkataba alikuwa Karin. Bahari hiyo hiyo, visiwa hivyo hivyo, seng'enge ile ile. Mkimbizi alipokuwa Mzungu alipewa sura nzima ya kioo. Tulipokuja sisi tukapewa picha ya kutoka angani: mashua imejaa, vichwa vidogo vidogo, mablanketi ya dhahabu.

"Fuocoammare" ya Gianfranco Rosi ilishinda Dubu wa Dhahabu Berlin 2016. Ni ya Lampedusa. Mtengenezaji aliishi kule zaidi ya mwaka, na ni mtu wa heshima. Ila tuitazame. Kuna mtoto wa kisiwa: ana jina, ana manati, ana jicho moja vivu, tunajua anakula nini na anaogopa nini. Kuna daktari, naye ana jina. Watu wa mashuani wanalia, wanaomba, wanacheza mpira, wanakufa, na majina yao hatuyapati. Watetezi wanasema ndiyo hoja yenyewe, kwamba anaonesha jinsi walimwengu wawili wanavyoishi kisiwa kimoja bila kukutana. Nakubali ni hoja. Lakini kuonesha kwamba mtu amefanywa hana jina, kwa kumwacha hivyo hivyo bila jina, hoja hiyo inamfaa mtazamaji wa Berlin. Yule anayemtafuta kaka yake haimfai.

Na tukipewa jina kwenye bahari zile, mara nyingi ni la haramia. "Captain Phillips" ni hadithi ya pwani ya Somalia, ila picha nyingi za baharini zilipigwa Malta. Barkhad Abdi alizaliwa Mogadishu, familia ikakimbilia Yemen, kisha Minneapolis, hajawahi kuigiza, na akashinda tuzo ya BAFTA 2014. Tulishangilia, ndiyo. Ila mlango aliopitia mnauona.

Inawezekana kufanya tofauti, msiniambie haiwezekani. Mwaka 1948 Luchino Visconti alienda Aci Trezza, kijiji cha wavuvi jirani na Catania, akatengeneza "La terra trema" na wavuvi wenyewe ndio waigizaji, wakiongea lugha yao ambayo Waitalia wengi hawakuielewa. Na 2023 Matteo Garrone katika "Io capitano" amewaacha vijana wa Senegal waongee Kiwolofu, wachekane, waibe usingizi, waogope. Seydou Sarr akatuzwa Venice. Anayeongoza mashua ni mtoto wa miaka 16, na kwa mara moja Sicily inatazamwa kutoka baharini, na macho ya anayekuja. Ndiyo maana niliiona mara tatu.

Hata jina la maiti linawezekana. Meli iliyozama tarehe 18 Aprili 2015 na watu wapatao 800 au zaidi ilitolewa chini ya bahari mwaka uliofuata, ikapelekwa upande wa Augusta, pwani ya mashariki. Daktari Cristina Cattaneo na wenzake wa Milan wakaanza kazi ya kuwatambua wafu. Kwenye nguo za mtoto mmoja wa Mali, wa miaka kama 14, walikuta ripoti ya shule imeshonwa ndani. Alikuwa anaenda kuwaonesha Wazungu kwamba anajua hesabu. Huyo ni fumbo kubwa kuliko la HBO. Na meli ilifanywaje? 2019 ilipelekwa Venice ikawekwa kwenye maonesho ya sanaa, watu wakinywa kahawa kando yake.

Sasa nageukia kwetu, maana wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa msifikiri nawasema Wataliano peke yao. Kakuma hatuna bahari. Tuna laga, na laga jioni ni nzuri kwenye kamera, mnajua hilo kuliko sisi. Mwaka jana wapiga picha wa shirika moja walimfanya mama jirani yangu apite na mtungi wa maji mara nne, kwa sababu jua lilikuwa bado halijakaa sawa. Mtungi ulikuwa mtupu. Video ikatoka, imeandikwa "mama wa watoto watano". Ana watatu. Ana jina pia. Alikuwa muuguzi Uvira miaka 11, na hilo alilisema, likakatwa. Aliyetafsiri ni kijana wetu anayelipwa insentivu, alipouliza kwa nini limekatwa akaambiwa ujumbe lazima uwe rahisi.

Mtasema: picha ya huruma ndiyo inaleta michango, na michango ikikauka mtakula nini. Kwani michango haijapunguzwa, na picha hizo zipo kila siku? Mtasema pia majina yanafichwa kwa usalama. Hapo natulia, maana ni kweli. Kuna watu hapa jina likitoka, aliyewafukuza atajua walipo. Lakini basi mwenye jina ndiye aamue, aulizwe kwa lugha yake, siyo kusainishwa karatasi ya Kiingereza huku kamera imeshawashwa. Kuficha jina kwa ombi lake ni ulinzi. Kulitupa kwa sababu halikuingia kwenye sekunde 40 ni kitu kingine.

Na sisi vijana tusijifanye malaika. FilmAid wamefundisha watu kushika kamera hapa Kakuma na Dadaab kwa miaka mingi, kuna wanaojua kazi. Halafu tukipewa kamera tunapiga nini? Droni juu ya mabati, mtoto anayelia, piano ya huzuni. Tunajipiga picha kwa macho ya mfadhili.

Tarehe 20 Juni inakaribia, na kamera zitakuja. Anayepiga picha ataje atampa nini anayepigwa, kwa shilingi, kama muigizaji wa ziada anavyolipwa Sicily. Kazi ya mtu na elimu yake visikatwe. Mkalimani aandikwe mwishoni kwa jina lake. Na kabla video haijaenda Geneva ioneshwe hapa kwanza, usiku, wenyewe wakiwepo. Uwanja upo, shuka jeupe lipo, mafuta ya jenereta tutachanga.