Jezi kuukuu: Mnunuzi hulipia ushahidi, si kitambaa

Mei 4, 2022, nyumba ya mnada ya Sotheby's ya London iliuza jezi moja ya soka kwa pauni za Uingereza 7,142,500. Makadirio ya kabla ya mnada yalikuwa kati ya pauni milioni 4 na milioni 6. Jezi hiyo ni ile ya bluu aliyoivaa Diego Maradona Juni 22, 1986, siku Argentina ilipoitoa Uingereza kwa mabao 2-1 katika robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Mexico City.

Bei hiyo imewaamsha wengi. Wapo wenye mtaji mdogo ambao sasa wanaitazama jezi yoyote iliyochakaa kama hisa iliyosahaulika kabatini. Hapo ndipo penye hatari. Katika soko hili kitambaa hakina thamani kubwa. Kinachouzwa ni ushahidi kwamba mchezaji fulani aliivaa jezi fulani katika mechi fulani. Ushahidi ukikosekana, kinachobaki mkononi ni mtumba.

Jezi ya Maradona ilikuwa na ushahidi huo. Kiungo wa Uingereza, Steve Hodge, alibadilishana naye jezi mara baada ya mechi, akaitunza, kisha akaiazima kwa miaka mingi kwa makumbusho ya taifa ya soka ya nchi yake. Mlolongo wa umiliki haukukatika hata siku moja. Hata hivyo, kabla ya mnada familia ya Maradona ilidai kuwa jezi hiyo ilivaliwa kipindi cha kwanza, si kile cha pili ambacho mabao yake mawili yalifungwa. Tofauti ya dakika 45 ingeweza kuyeyusha mamilioni.

Kilichookoa biashara ni kulinganisha picha. Wataalamu waliweka picha za mechi kando ya jezi yenyewe, wakapima nembo, mistari na namba. Bahati ilikuwepo pia. Jezi za siku ile zilinunuliwa kwa haraka madukani Mexico City, zikawekewa nembo na namba huko huko. Kazi ya mkono haifanani, na kila mshono uliokwenda upande ukawa kama saini.

Sasa itazamwe hesabu, maana jina kubwa peke yake halitoshi. Jezi nyekundu ya Geoff Hurst, aliyefunga mabao matatu katika fainali ya 1966, iliuzwa Christie's mwaka 2000 kwa pauni 91,750. Mwaka 2016 ilirudishwa mnadani Sotheby's kwa makadirio ya pauni 300,000 hadi 500,000. Haikupata mnunuzi. Mpira wa mechi ile ya 1986, uliotunzwa na mwamuzi Mtunisia Ali Bin Nasser, ulikadiriwa kufikia pauni milioni 2.5 hadi 3. Novemba 2022 ulikwenda kwa milioni 2. Desemba 2023 jezi sita za Lionel Messi za Kombe la Dunia la 2022 ziliuzwa kwa dola za Marekani milioni 7.8, wakati matarajio yalikuwa kuvuka milioni 10.

Fundisho ni kwamba bei ya makadirio si bei ya soko. Wanunuzi wa ngazi hiyo ni wachache, na wakilala mauzo nayo yanalala. Mwenye hisa anaweza kuuza sehemu, akabaki na nyingine. Mwenye jezi hawezi kukata mkono wa kushoto akaupeleka sokoni. Tena jezi haitoi gawio wala riba kama hatifungani ya serikali.

Gharama nazo zinauma. Tuseme mtu ananunua jezi mnadani kwa dola 1,000 na nyumba ya mnada inatoza mnunuzi asilimia 25. Atalipa 1,250. Akiirudisha mnadani na kutozwa kamisheni ya muuzaji ya asilimia 10, nyundo ikigonga tena kwenye 1,000 atapokea 900. Amepoteza 350 bila bei kushuka hata senti moja. Ili arudishe fedha zake tu, bei ya nyundo lazima ipande kwa karibu asilimia 39. Bima, usafiri na ushuru havijaguswa.

Anayeamua kuingia pamoja na hayo yote hana budi kutofautisha bidhaa. Ipo jezi ya dukani iliyotengenezwa kwa mashabiki. Ipo iliyoandaliwa kwa mechi lakini mchezaji akakaa benchi. Na ipo iliyovaliwa uwanjani. Zote zinaweza kuwa na jina na namba ile ile, lakini bei zake hazikaribiani. Sahihi ya mchezaji nayo haithibitishi kwamba aliivaa. Na anayeipata ya kweli asiifue: doa la nyasi na jasho ni sehemu ya ushahidi.

Kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Nairobi, uwezekano wa kukuta jezi ya aina hiyo ndani ya robota la mitumba ni mdogo mno. Fursa ya kweli iko karibu zaidi, nayo haihitaji mtaji. Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Jezi za usiku kama huo ni mali, lakini ikiwa tu mtunza vifaa aliandika usiku ule ule nani aliivaa, kipindi gani na ilikwenda kwa nani, na picha ya karibu ikapigwa kabla haijafuliwa. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Miaka 30 baadaye hakuna fundi anayeweza kuutengeneza ushahidi huo, isipokuwa tapeli.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo asiweke kwenye jezi fedha ya ada, ya kodi ya duka wala ya mzigo. Na viongozi wa klabu wasisubiri nyumba za mnada za London ziwafundishe thamani ya kilichomo kwenye makapu yao ya kufulia. Wazee walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.