Sauti za Wazee Wetu na Diski ya Kuzitunza



Leo napenda tuzungumze, mama wenzangu na dada zangu, juu ya chombo ambacho aghalabu twawaachia waume na vijana wetu wakichague: diski ya kompyuta.

Wifi yangu anakaa Thika, nami nakaa Ruiru. Sote tulizaliwa Mombasa, riziki ikatuleta bara. Marehemu mama mkwe wetu alikuwa na sanduku la kanda: maulidi yaliyosomwa katika harusi za ukoo, darsa za Ramadhani, na kanda moja ya dakika 90 ambayo mwenyewe anaisimulia nasaba ya nyumba yake, nani alimuoa nani, nani alihamia Lamu na nani hakurudi. Kijana wa wifi yangu akazihamisha zote katika diski moja, akaiunganisha na kompyuta ndogo sebuleni. Hiyo ndiyo iitwayo seva ya nyumbani: kompyuta isiyozimwa, inayoweka sauti, picha na filamu za nyumba nzima, na kila simu au runinga huchota humo bila kununua data. Programu kama Jellyfin huifanya kazi hiyo bila malipo.

Walipohama nyumba, sanduku la kanda likaonekana ni mzigo usio na haja, likatupwa. Miezi michache baadaye umeme ukakatika usiku, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi diski ilikuwa ikigonga kama saa mbovu. Fundi aliisikiliza kwa muda mfupi tu, akatikisa kichwa.

Wazee walisema akiba haiozi. Walisema kweli kuhusu nafaka na fedha. Akiba iliyomo katika diski huoza, tena huoza kimya, na ndiyo sababu inafaa tuichague kwa macho yaliyo wazi.

Diski ziko za namna mbili. Ya kale ina sahani zizungukazo kwa kasi na kichwa kidogo kinachosoma juu yake pasipo kuzigusa. Ikianguka au umeme ukiichezea, kichwa huweza kuparuza sahani. Ya pili, ambayo wauzaji huiita SSD, haina kitu kinachozunguka. Huweka kila kitu katika seli za kumbukumbu ya umeme, uvumbuzi wa Fujio Masuoka wa Ujapani alipokuwa katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Haina kelele, haili umeme mwingi, na mtoto akiigonga haidhuriki upesi. Kwa seva iliyoko sebuleni, yafaa. Swali ni ipi.

Kwanza pima mzigo kabla ya kununua gunia. Kanda ya dakika 90 ikihamishwa kwa ubora wa kawaida wa MP3 huchukua takriban megabaiti 86. Kanda 500 hazifiki hata gigabaiti 50. DVD ya harusi huchukua gigabaiti 4.7, hivyo DVD 100 ni gigabaiti 470. Urithi wote huo waingia katika diski ya terabaiti moja na nafasi ikabaki. Kinachojaza diski ni filamu na katuni, na hizo zikipotea zapatikana tena. Msilipie terabaiti nyingi kwa ajili ya kitu kinachoweza kurudi.

Pili, msinunue kasi msiyoihitaji. Mwanangu alitaka ile SSD ndogo ya NVMe inayosifiwa kwa wepesi wake. Nikamwomba anifanyie hesabu. SSD ya kawaida ya SATA husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Filamu yenye picha safi kabisa ya 4K haihitaji ila sehemu ndogo tu ya kasi hiyo, na waya wa mtandao wa nyumbani wenyewe kwa kawaida haupitishi zaidi ya megabaiti 125. Maji ya mtungi hayatoki upesi zaidi kwa kuwa kisima ni kipana. Akacheka, akakubali.

Tatu, ulizeni uchakavu. Seli za SSD huchakaa kwa kuandikwa, wala kusoma hakuzichoshi sana. Seli za aina ya TLC hubeba biti tatu kila moja, za QLC hubeba nne. Za pili ni za bei nafuu lakini hustahimili maandishi machache zaidi. Mfano, Samsung 870 EVO ya terabaiti moja imedhaminiwa kwa maandishi ya terabaiti 600 au miaka mitano. Ndugu yake 870 QVO, terabaiti 360 au miaka mitatu. Nyumba inayoandika gigabaiti 20 kila siku ingechukua karibu miaka 50 kuimaliza hata hiyo ya pili. Kwa seva ya kusikiliza na kutazama, zote mbili zatosha, na ile inayodhaminiwa miaka mingi ndiyo bora mfuko ukiruhusu.

Ila kuna mtego mmoja. Nyumba nyingi za Ruiru zina kamera za usalama langoni. Kamera nne zikirekodi usiku na mchana, kila moja megabiti nne kwa sekunde, huandika takriban gigabaiti 170 kwa siku, yaani terabaiti 60 na zaidi kwa mwaka. Zikiwekwa katika SSD hiyohiyo yenye sauti ya bibi, miaka 50 yageuka kuwa isiyotimia sita. Kamera zipewe diski yao ya kuzunguka.

Nne, umeme. Nani asiyeukumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoifunika sehemu kubwa ya Kenya? SSD haina kichwa cha kuparuza, lakini umeme ukikatika ikiwa katikati ya kuandika, huweza kupoteza kilichokuwa njiani, na mara nyingine hata daftari lake la ndani linaloeleza kila faili iko wapi. SSD za nyumbani kwa kawaida hazina kinga ya kutosha dhidi ya hilo. Kwa hiyo fedha zilizobaki kwa kutonunua kasi zitumike kununua UPS ndogo, yenye betri ya kuipa kompyuta dakika chache izimike kwa heshima.

Tano, udanganyifu. Jirani yangu aliletewa diski yenye ukubwa wa kidole gumba, imeandikwa terabaiti 16, kwa bei ya jozi ya viatu. Ndani mlikuwa na kumbukumbu kidogo tu iliyofundishwa kusema uongo: inapokea kila faili, na ikijaa huandika juu ya zile za kwanza bila kuonya. Aligundua picha za akika ya mwanawe zilipokataa kufunguka. Kila mmoja wetu anakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) na rundo la nafaka lililokuwa limelowa chini. Nasi tutie mkono chini ya rundo: kabla ya kuweka chochote, tujaze diski mpya kwa programu ya H2testw au F3, ambazo huandika hadi mwisho kisha zikasoma kuhakiki. Na risiti itunzwe.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote: diski moja, hata iwe bora namna gani, haijawa hifadhi. Pawe na nakala ya pili katika diski nyingine, na ya tatu katika nyumba nyingine. Wala nakala ya kufungia kabatini isiwe SSD. Kipimo kinachofuatwa na watengenezaji huitaka SSD ya nyumbani iliyofikia mwisho wa uchakavu wake itunze data mwaka mmoja tu bila umeme, katika nyuzijoto 30, na joto likizidi muda hupungua. Nani asiyelijua joto la Mombasa? Kwa kabati, diski ya kuzunguka yafaa zaidi, na iwashwe angalau mara moja kwa mwaka ikaguliwe.

Sisi tumefanya hivi: SSD ya terabaiti moja na UPS hapa Ruiru, diski ya kuzunguka kwa wifi yangu Thika, na nyingine imepanda gari moshi na shemeji hadi Mombasa, ndani ya mkebe uliofungwa vizuri dhidi ya chumvi ya bahari.

Na kanda ya nasaba? Wifi yangu alipiga simu kwa kila jamaa. Binamu mmoja wa Mombasa alikuwa amewahi kurekodi kipande chake kwa simu: dakika 11 kati ya 90. Mama mkwe anaanza kumtaja babu yake, kisha sauti inakatika. Hiyo ndiyo faili ya kwanza tuliyoiweka.

Basi wiki hii, kabla ya kununua chochote, ulizaneni nyumbani kanda na picha za wazee ziko kwa nani, nakala ziko ngapi. Na hata mkishazihamisha, sanduku msilitupe.