Mlima Uliozungushiwa Ua Wahitaji Lango

Majina ya milima aghalabu huhifadhi kumbukumbu ambazo macho yamekwisha kuzisahau. Wakamba huuita Mlima Kenya Kiinyaa, jina ambalo wengi hulihusisha na manyoya ya mbuni dume: weusi wa mwamba uliochanganyika na weupe wa barafu. Weupe huo sasa unatoweka. Mwishoni mwa karne ya 19, mlima huu ulikuwa na barafuto, yaani matandiko ya barafu ya kudumu, zipatazo 18. Nyingi kati ya hizo zimekwisha kuyeyuka, na mnamo mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kuwa barafuto zilizosalia barani Afrika huenda zikatoweka kabisa ifikapo mwaka 2050.

Hata hivyo, barafu ni ishara tu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu siyo mvua yenyewe. Wapo wanaodhani kwamba barafu ikiisha, mito nayo itakauka papo hapo. Waama, mito itokayo Mlima Kenya hutegemea zaidi mvua, misitu na ardhi tepetepe ya nyanda za juu. Hatari kubwa basi ni joto linaloongezeka, mvua isiyotabirika na moto unaofuata ukame, kama ule uliounguza misitu na vichaka vya mlima huo mwezi Machi 2012.

Ni nini basi taathira ya hali hii kwa wanyamapori? Mlima una umbo la pia iliyopinduliwa: kadiri mtu anavyopanda, ndivyo ardhi inavyopungua. Chini kuna msitu mnene, kisha mianzi, kisha vichaka na nyasi, halafu lobelia, na hatimaye mwamba mtupu hadi kilele cha Batian chenye urefu wa mita 5,199. Kila ukanda una wakazi wake. Ndege aina ya chozi hutafuta chakula katika maua ya lobelia, naye pimbi hujisitiri miambani. Joto likipanda, kanda hizo nazo husogea juu, na kila zikisogea hubanwa na ufinyu wa nafasi. Bongo wa milimani, ambaye porini hupatikana nchini Kenya pekee na idadi yake haifikii 100, hana msitu wa ziada wa kukimbilia. Aliyekwisha kufika kileleni hana pa kupanda tena.

Tembo naye ana tatizo la kinyume. Yeye hupanda mlimani kutafuta maji na majani wakati wa kiangazi, kisha huteremka kuelekea nyanda za Laikipia na Samburu mvua inaponyesha. Maisha yake ni safari, na ratiba ya safari hiyo imeandikwa na misimu. Sasa misimu yenyewe imevurugika. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilikosa kutosheleza. Mnamo Novemba 2022, serikali ilitangaza kuwa tembo 205 na punda milia 49 wa Grevy walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba mwaka huo, na eneo la Laikipia na Samburu lilikuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi.

Hapa ndipo penye kitendawili. Tangu mwaka 2012, ua wa umeme umekuwa ukijengwa kuuzunguka mlima. Si haki kuubeza ua huo. Mkulima anayeamka alfajiri na kukuta shamba lake la mahindi limekanyagwa hawezi kuhubiriwa uzuri wa tembo akamsikiliza. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama, lakini hakuna fidia inayomrudisha mzazi kwa wanawe. Ua huokoa mimea, misitu na roho za watu. Ila ua usio na lango huugeuza mlima kuwa kisiwa, na mnyama aliye kisiwani hufa kwa jambo ambalo angelikwepa kwa kutembea.

Kwamba lango linawezekana si ndoto. Mwaka 2011 ulifunguliwa ushoroba unaouunganisha Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare, ukapitishwa chini ya barabara kuu kwa njia maalumu. Tembo waliutumia mwaka huo huo, ilhali magari yakiendelea kupita juu yao. Mashamba ya ngano na maua ya jirani hayakufa kwa sababu hiyo. Mwaka 2013, Ngare Ndare na Lewa ziliongezwa katika eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya.

Ushoroba mmoja, hata hivyo, hautoshi kwa mlima mzima. Serikali za kaunti zinazouzunguka mlima hazina budi kuzitambua njia nyingine za wanyama na kuzilinda kisheria kabla ardhi haijakatwakatwa vipande na kuuzwa. Fidia nayo ilipwe kwa wakati, maana jirani aliyedhulumiwa hawezi kuwa mlinzi mwema. Nao wanaotaaluma ya Kiswahili wana mchango wao: neno ushoroba litoke vitabuni liingie barazani, ili mkulima na mfugaji waijadili njia ya tembo kwa lugha wanayoimiliki, badala ya kuletewa uamuzi uliokwisha kupitishwa.

Wahenga waliusia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili ukuta umekwisha kujengwa, na kwa sababu nzuri. Kilichosalia ni kuuwekea mlango, kabla wale walio ndani hawajakosa pa kutokea.